Alhamisi za Watoto wa Koboko

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, kwa kuwa vyangu vilikuwa vyekundu na Metroni, mkuu wa manesi wa hospitali ya Arua, alitaka vyeupe. Vilinibana mpaka jioni. Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa 1979, vita havijatufikia. Metroni, mama mfupi wa Aroi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alinipeleka wodi ya watoto akanisimamisha mbele ya kitanda cha kwanza.

"Usianze na maswali," aliniambia. "Shika mutoto kwanza. Mama iko na uoga, atasema maneno mengi."

Kwake nilijifunza kutazama viganja, maana vikipauka mtoto ana upungufu wa damu. Nilijifunza pia kutazama mbavu. Zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, mapafu yameshikwa, na mtoto huyo hangojeshwi.

Sikukaa sana. Vita vilipokuja, nilivuka mpaka wa Vurra pamoja na wazazi wangu, nikawa nesi wa wakimbizi wenzangu upande wa Kongo. Miaka ikapita. Tuliporudi, Daktari wa Wilaya, aliyekuwa na watumishi wachache mno, alinipanga Koboko, nyumbani kwa baba yangu.

Kuta za kituo zilikuwa zimesimama, ila mabati yalikuwa yameng'olewa. Tulikuwa manesi wawili na msaidizi wa daktari, yaani mtu aliyesomea kutibu magonjwa ya kawaida lakini si daktari kamili. Watoto walitibiwa bure. Tatizo ni kwamba daktari mwenyewe alikuwa Arua, na kufika huko mama alihitaji lori, mtu wa kumwachia watoto wengine, na shamba linaloweza kungoja. Nilipomwambia mama, "Huyu mpeleke Arua," aliitikia kwa adabu, akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kwake. Baadaye nilisikia kilio kutoka upande ule ule alikoelekea.

Nikapanda lori kwenda kumwona Daktari wa Wilaya. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa kusema. Nilimkuta ametoka chumba cha upasuaji, ameshika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa.

"Sista, mimi ni mmoja," alisema. "Nikija Koboko, hapa nani atapasua?"

"Hakuna, Daktari. Lakini watoto wale hawafiki kwako."

Alikunywa ile chai yote kabla ya kunijibu. "Alhamisi moja kwa mwezi. Tujaribu."

Habari zilisambaa kuliko nilivyotaka. Alhamisi ile ya kwanza akina mama walitoka hata Dranya, na wakimbizi wa Sudani waliokaa karibu na mpaka walikuja pia. Mzee Abdalla, mwenyekiti wa kamati ya kituo, ndiye aliyesimamia foleni. Alikuwa baba wa wanajeshi, naye aliheshimika kwa haki, kwani mabati mapya tuliyapata kwa jasho lake. Aliwaweka wenyeji mbele na Wasudani mwisho. Mimi nilikuwa ndani nikimsaidia Daktari, sikujua. Asubuhi nzima walitupitia watoto wenye mafua, upele na macho mekundu.

Mchana tukasikia mwanamke akipiga kelele nje. Alikuwa Keji, msichana wa Kisudani mwenye mtoto wa kwanza, aliyesimama mkiani tangu asubuhi. Mbavu za mtoto zilikuwa zikibonyea, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Daktari alimchukua mikononi mwake mwenyewe. Tulimchoma sindano, kisha Daktari akaamua kumpeleka Arua kwa gari lake, akaongezwe damu.

Kabla hajaondoka aliniita kando. "Nimetazama mafua asubuhi yote, na huyu yuko nje. Sikulaumu, Sista. Lakini kama mambo ni hivi, sina faida hapa. Nichambulieni wanaonihitaji, wengine watibuni wenyewe. Mkishindwa, nitabaki Arua."

Kesho yake nilimfuata Mzee Abdalla barazani kwake.

"Baba, mwezi ujao nitapita mimi kwenye foleni. Aliyezidiwa ataingia kwanza, hata awe wa wapi."

"Hapana, binti yangu. Hii daktari tulililia sisi. Watu ya Sudan iko na serikali yao."

"Mlipokimbilia kule kwao, mjukuu wako akashikwa na surua, nani alimtibu?"

Mzee alitazama chini. Niliona nimevuka mpaka wa adabu, nikataka kuomba radhi, lakini akaanza kusema polepole.

"Walitibu yeye. Hata hawakuuliza sisi iko watu ya wapi." Akaninyooshea kidole. "Lakini watu yetu watanuna."

"Wacha wanune, Baba, mradi wamekaa kwenye foleni."

Akacheka, na hapo nikajua nimempata.

Wiki hiyo dereva wa lori alituletea habari kwamba mtoto wa Keji ameanza kunyonya tena. Alhamisi iliyofuata nilipita foleni nzima nikishika watoto mmoja mmoja kama nilivyofundishwa. Keji alifuatana nami, akiwatafsiria Wasudani wenzake kwa lugha yao. Mwanamke mmoja wa kwetu aliponitukana, Mzee Abdalla alimnyamazisha kwa sauti kama ya kambi ya jeshi. Gari la Daktari lilichelewa hadi tukakata tamaa. Daktari alipoingia alikuta benchi moja tu la watoto.

"Ni hawa tu?"

"Hawa ndio wako, Daktari. Wengine ni wetu."

Alivua saa yake, akanawa mikono, akaanza kazi.

Baada ya hapo Alhamisi zikawa mbili kwa mwezi, kisha tukaanzisha nyingine Dranya. Daktari yule alihamishwa, akaja mwingine, mwanamama mkali aliyetaka kila shuka linyooke. Naye aliendelea. Miaka ya tisini watu wazima walipoanza kutozwa ada, kamati ilikaa mchana kutwa ikibishana, ikaamua kwamba watoto hawataguswa. Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Dawa ziliisha tukabaki kutoa maji na maneno, na wako watoto niliowabeba mpaka kwenye gari, wasirudi. Majina yao ninayakumbuka.

Nilipostaafu hapakuwa na hotuba. Ilikuwa Alhamisi, watu walikuwa wengi, nikafanya kazi mpaka foleni ikaisha, nikaenda kuoga.

Sasa nyumba yangu iko kando ya njia ya kituo. Alhamisi asubuhi akina mama hupita na watoto mgongoni wakigombana tangu barabarani: nani alitangulia, nani amesukuma, kwa nini daktari amechelewa. Jirani yangu huwaona wakorofi. Mimi huwasikiliza kwa furaha. Mama zao walipita njia hii wakiwa kimya, wakirudi nyumbani na watoto niliowaambia wawapeleke Arua.