Vipara Viwili vya Katindiuka

Theodosia wa Katindiuka alijulikana kwa mambo mawili: mdomo na baiskeli. Mdomo haukupumzika. Baiskeli nayo ilikuwa ya kiume, na juu ya keria alifunga gunia la mpunga akalipeleka mashineni mjini bila kumwomba mtu msaada. Wanaume wengi walimkwepa. Fulgensi hakumkwepa, na kwa miaka miwili walikula sahani moja, mpaka alipopata kazi kwenye mashamba ya miwa, akapata na mwanamke mwingine huko huko, akasahau njia ya kurudi. Theodosia alilia wiki moja, akarudi kwenye jaruba lake la mpunga.

Oktoba 1995 Fulgensi akarudi. Suruali ilishikiliwa na kamba, na kikohozi kilisikika kabla yeye hajaonekana. Watu wakanong'ona kwamba ni miwaya, jina la mtaani la ukimwi, na hapo ndipo bwana yule alipopiga hesabu zake za kijinga. Mwenye ukimwi hunyooshewa vidole, aliyerogwa huonewa huruma. Akaona heri awe amerogwa. Akatafuta na wa kumbebesha lawama.

Theodosia alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, gunia miguuni, Fulgensi alipoingia na panga.

"Ni huyu!" akapaza sauti. "Nilimwacha, akaamua kuniroga. Sikieni wote: nikifa mimi, yeye anatangulia!"

Mashine ikazimwa. Kila mtu akainamia gunia lake, na hilo lilimuuma Theodosia kuliko matusi, maana hao ndio aliokuwa akipandikiza nao mpunga. Alijua kinachofuata wakiamini. Nyumba yake ingechomwa, na jaruba lake lingegawanywa kabla ya mvua za kwanza, kama panga lisingemwahi.

Ukoo wa Fulgensi, ukiongozwa na baba yake mdogo Marcelino, ukaamua kama watu wa bonde lile la mpunga walivyozoea kuamua: mtuhumiwa avushwe mto mpaka upande wa Lupiro, akanyolewe na mganga, uchawi umtoke pamoja na nywele. Walidhani atakimbia usiku huo huo. Asubuhi wakamkuta mlangoni kwao.

"Shikamoo, baba," akamwambia Marcelino. "Nitakwenda. Ila tufuate mila yote, si nusu."

"Marahaba. Nusu gani tena?"

"Anayetuhumu naye hunyolewa. Kila mtu na wembe wake, lakini mkeka mmoja na kibuyu kimoja cha dawa."

Marcelino akakuna kichwa. Ilikuwa kweli. Fulgensi, aliyeishi kwenye kambi za miwa na watu wa kila mkoa, alikuwa amelisahau hilo kabisa.

Kwenye pantoni Fulgensi akasimama nyuma yake, panga limeviringishwa kwenye kiroba. "Mto huu una mamba, Theo," akamnong'oneza. Theodosia aliogopa, tusidanganyane. Lakini hakugeuka.

Mganga alikuwa bibi mmoja asiye na maneno mengi. Akamnyoa Theodosia mpaka kichwa kikang'aa, kisha akamwambia Fulgensi avue shati anyolewe naye. Hapo kila mtu akaona mbavu, na shingoni mitoki iliyovimba, mmoja umeshapasuka. Theodosia akashtuka. Kaka yake Beatus alikuwa na mitoki kama hiyo, akatibiwa hospitali, na sasa anabeba magunia mawili. Hasira yake haikwisha, ila sasa ilikuwa imepata kazi ya kufanya.

Bibi akawapa kibuyu. "Atakayemgusa mwenzake kwa ubaya baada ya hapa, dawa itamgeukia yeye."

Theodosia akanywa, akampa Fulgensi naye akanywa, kisha akafuta mdomo. "Baba Marcelino, mimi sasa ni safi?"

"Safi."

"Mbele yenu wote?"

"Mbele yetu wote."

"Basi kesho akikohoa, mtasema karogwa na nani?"

Marcelino akainuka, akashika njia ya pantoni. Wengine wakamfuata.

Alfajiri ya pili Fulgensi, sasa hana tena wa kumbebesha lawama, alikuwa uani kwa Theodosia, kipara wazi, panga mkononi. Theodosia akatoka na kipara chake.

"Haya, piga," akasema. "Dawa umekunywa mwenyewe."

Fulgensi akainua panga. Kikohozi kikamshika, damu ikamtoka, panga likaanguka, akaketi chini akalia. "Theo, naogopa. Hospitali wakiniambia ni ule ugonjwa, je?"

"Na mimi naogopa, mjinga wewe! Si nililala na wewe? Panda baiskeli."

Ifakara iliamka na kioja. Mwanamke kipara anakanyaga pedali, nyuma amepakia mwanamume kipara anayekohoa. Wanawake wa sokoni walicheka, kisha mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata mpaka kona ya hospitali. Theodosia akapiga kengele, na furaha ikamjaa kifua kizima.

Kilikuwa kifua kikuu. Wote wawili walipimwa damu, na zote zilikuwa salama. Dawa zilikuwa za miezi minane, na kila asubuhi Fulgensi alizimeza uani kwa Theodosia, mdomo wazi akaguliwe. Mwezi wa tano wa dawa, nguvu zilipoanza kurudi, akaomba warudiane. Theodosia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nataka upone tu," akasema, "uende mashineni kwa miguu yako. Hicho ndicho kisasi changu."

Juni, mavuno yamepamba moto, foleni ya mashine ilifika barabarani. Fulgensi akaingia, gunia la Theodosia begani, akalitua mbele ya watu wale wale.

"Ni huyu," akasema, sauti ndogo. "Aliyeniponya ni huyu. Nilisema uongo."

Mwenye mashine akaizima. Theodosia, nywele zimeota kidogo kichwani, akaegemea baiskeli yake.

"Sijasikia," akasema. "Rudia kwa sauti ya siku ile."

Fulgensi akavuta pumzi kwa mapafu yake yaliyopona, akapaza sauti mpaka walio barabarani wakasikia.

"Haya," akasema Theodosia, akifungua gunia. "Washeni mashine."