Gari Nalijua, Mwenye Gari Hawezi Kusema

Admin, nifichie jina na kijiji pia, maana huku tunajuana kwa ukoo. Nina miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wawili, nauza usipa, wale dagaa wa ziwani. Nanunua Mbamba Bay, napandisha Mbinga kwa kukodi nafasi kwenye magari ya watu, na nimechoka. Nahitaji pikapu yangu ya dizeli. Ipo moja inauzwa kwa bei ya kutupa, ila ni ya aliyekuwa mume wangu.

Niliishi naye miaka kumi na miwili huko milimani, upande wa Mapera. Yeye Mmatengo, mimi mtu wa ziwani. Ndugu zake nikikaa nao wanageuza lugha ili nisielewe, halafu wanacheka. Nilivumilia. Hiyo pikapu ndiyo iliyotulisha, na baridi ya mwezi wa sita ikija inagoma kuwaka, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa naamka kuchemsha maji na kuikanda injini kwa matambara kama mzazi, yeye bado yuko kwenye blanketi.

Kisha akapata binti wa saluni. Siku ya kwanza kumpandisha kwenye gari, aliniteremsha kutoka kiti cha mbele pale stendi ya Mbinga, watu wanatazama. Akasema, "Mama, nenda nyuma ukakae na usipa wenzako, mgeni asije akanuka." Stendi nzima ikacheka. Nilipanda nyuma juu ya magunia na mvua ikaninyeshea mpaka nyumbani. Haikupita wiki mbili akanifukuza mimi pamoja na watoto wangu, na yule binti akaingia na sufuria zangu zikiwa bado jikoni.

Mwaka jana kiharusi kikampiga. Upande wa kulia umekufa, mdomo hautoi neno, mkono wa kushoto tu ndio unaocheza. Yule binti alimuuguza wiki moja, akaondoka. Nilipopata habari nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtanisema, semeni tu, malipo ni hapa hapa duniani.

Sasa ukoo unauza gari ili apelekwe hospitali kubwa akafanyiwe mazoezi ya viungo, labda ulimi utarudi. Wateja wanakuja na kukimbia. Wanaona kilometa zimepita laki nne na nusu, wanawasha asubuhi kwenye baridi, gari linakohoa, linatoa moshi mweupe na kuzima. Wanasema gari lililobeba samaki limeliwa na ziwa, limeoza kwa ndani. Ziwa letu maji baridi, halina hata chembe ya chumvi, lakini nani atawaelewesha watu wa milimani?

Ninachokijua mimi ni hiki. Mwaka wetu wa mwisho ile injini ilifunguliwa yote Songea, ikawekwa pistoni mpya, ringi mpya, kila kitu, kwa mtaji wangu wa usipa. Akaniomba tusimwambie mtu, ndugu zake wasije wakasema gari lake limefufuliwa na mwanamke. Kilometa ni za bodi, injini bado mbichi. Kinachosumbua ni vile viplagi vya kupasha moto tu, na betri iliyochoka. Ukiacha fundi wa Songea, tunaojua ni watu wawili duniani, na mmoja hasemi.

Jumanne nilikwenda. Nikamwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," akanishika mikono akalia. Baba watoto wamemkalisha kwenye kiti uani, shuka magotini. Baba yake mdogo, ndiye anayesimamia mauzo, akanipa ufunguo. Niliwasha mara nne likazima, mara ya tano likashika. Nikafungua kifuniko cha oili kuona kama injini inapumua, maana iliyochakaa hutoa moshi pale. Hakuna moshi, safi kabisa. Nikakifunga haraka, nikatikisa kichwa na kusema, "Baba mdogo, hili limekwisha. Labda nilichukue kwa bei ya chuma chakavu."

Pale kwenye kiti akaanza kuunguruma. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye boneti, akaugeuza kwangu, akajipiga kifua, tena boneti, tena mimi. Machozi yanamtoka. Nilimwelewa neno kwa neno, alikuwa anasema, "Huyu anajua, mwulizeni huyu."

Baba mdogo akaniuliza kweli, "Mwanangu, wewe umeishi naye. Anasema nini?"

Nikajibu, "Anaomba maji."

Mama yake akakimbilia kikombe. Wakamshika kichwa wakamnywesha, mengine yakamwagika kifuani, na muda wote ule alikuwa ananitazama mimi. Moyo wangu ulikuwa mtamu, siwafichi. Bei ya chakavu wakaikubali kwa shida.

Jumamosi napeleka hela. Nikisema ukweli, bei itapanda na sitaiweza, yeye atatibiwa na mtu mwingine ataendesha jasho langu. Nikinyamaza, gari ni langu, lakini kwa hela ile hospitali kubwa hataiona na atakufa na ulimi mzito kwenye kile kiti. Nilikuwa nimeshaamua kununua. Ila leo mama mkwe kanipigia simu kunishukuru. Kasema, "Mwanangu, Mungu akubariki, tulikuwa hatujui anataka nini. Siku hizi kila akianza kulia na kuonyesha gari, tunamletea maji."

Wa kuniambia nisamehe, kwanza apande nyuma ya pikapu anyeshewe kutoka Mbinga hadi Mapera, ndipo aandike. Wengine mliobaki, nipeni neno kabla ya Jumamosi: nilichukue gari langu kimya kimya, au nikawaambie kwamba hakuwa na kiu?