Vitako vya Chupa Kaburini kwa Mama

Pale Korogwe nilikuwa nikijigamba kwamba hakuna chupa inayoweza kunificha umri wake. Wachuuzi wenzangu walinunua chupa kuukuu kwa kutazama rangi, mimi nilizigeuza. Kitakoni, ukifuta matope na kukiinamisha kioo juani, utaona alama ya kiwanda, namba ya kalibu iliyoiumba na mara nyingi tarakimu mbili za mwaka ilipotengenezwa. Waliniita mganga wa chupa, nami nikaufurahia ujinga huo.

Baba alipozidiwa na maradhi aliomba jambo moja tu: azikwe Sindeni, ubavuni kwa mama. Nikaenda na shangazi, dada yake, kusafisha mahali. Kwetu zamani kaburi lilizungushiwa chupa siku ya arobaini, midomo chini, vitako juu. Shangazi alinipeleka moja kwa moja kwenye kaburi tulilolisomea dua kila Ramadhani ilipokaribia.

Nikiwa nang'oa magugu, mkono wangu ukafuta kitako kimoja. Mazoea tu. Chupa ile ilitengenezwa miaka sita baada ya mama kufariki. Nikafuta cha pili, cha tatu, nikalizunguka kaburi zima kwa magoti. Zote zilikuwa changa mno.

"Shangazi, chupa za mama ziliwahi kubadilishwa?"

"Nani abadilishe chupa za kaburi, mwanangu? Ni mwiko huo. Nilizishindilia mwenyewe siku ile."

Nikamwonyesha tarakimu. Akabisha, akanifokea, kisha akatazama vichaka vilivyomeza makaburi mengine, akaanza kulia. Baada ya arobaini ya mama, shangazi alirudi kwa mumewe, mbali. Miaka mingi baadaye alikuja kulitafuta kaburi, akaona chupa za kaburi hili, akadhani ndilo, akatosheka. Baba, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge na hakuwahi mazishi, alimwamini. Nasi watoto tukafuata.

Tulifyeka vichaka hadi adhuhuri tukizitafuta chupa za mama. Hatukupata hata kipande cha kioo. Niliyachukia macho yangu na elimu yangu yote ya vitako.

Niliporudi Korogwe, baba alikuwa ameegemea mto, ananisubiri.

"Umepaona?"

"Nimepaona, baba. Tumepasafisha."

Akamshukuru Mungu, akafumba macho.

Wiki iliyofuata tulimzika pale pale. Watu walinishika mkono wakinipa pole, wakasema heri sasa wako pamoja. Niliitikia kila mmoja. Shangazi alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, na hatukuthubutu kutazamana.