Kidonda cha Tupokigwe na Changu

Sisi tuliokua Ikolo wakati wa Mwingereza tulicheza matopeni kwenye mashamba ya mpunga mpaka vidole vya miguu vikakunjamana. Nyumbani tulikuta ndizi za kuchemsha na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, na mama akisema, "Mtoto asiyenawa asiguse chungu changu." Wajukuu zangu wakikanyaga tope kidogo tu wanaitana kama wamekanyaga nyoka.

Matope hayo ndiyo yaliyotupa madonda, mimi na dada yangu Tupokigwe, masika moja, wote kwenye muundi. Baba yetu, Asajile, mzee wa kanisa la misheni, alitaka twende kwa dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati. Mjomba Ambakisye, kaka yake mama, alikuwa amerudi kutoka migodi ya Kusini na dhehebu jipya lisilogusa dawa.

"Shemeji, Yakobo anasema mgonjwa apakwe mafuta na aombewe," alisema mjomba. "Sindano umeisoma wapi?"

"Na mfalme Hezekia alipopata jipu? Si Isaya aliagiza andazi la tini libandikwe? Ile si dawa?"

"Yule mama aliyetokwa damu alimaliza matabibu wote. Aligusa vazi tu!"

"Paulo naye aliomba mara tatu, mwiba ukabaki. Utasema hakuwa na imani?"

Mama alichoka. Akakata shauri: Tupokigwe aombewe na mjomba; Subilaga, ndiye mimi, niende na baba kwa dresa. Nikafungwa kitambaa cheupe, nikajiona mtu.

Kidonda cha Tupokigwe kikakauka kwanza. Jamani! Mjomba alichinja kuku, wanawake wakapiga vigelegele, na kila Jumapili kwa mjomba dada alisimama mbele akipandisha gauni kuonyesha muundi. Hata kichwa cha mbasa, samaki mnono wa ziwani, ambacho mama hakumpa mtoto, alipewa yeye. Mimi nilikaa na kitambaa changu kinachonuka dawa, nikimwonea wivu.

"Mwenzangu, bado umefungwa tu?" alinicheka. "Mungu wako anakuja kwa miguu?"

Mchana mmoja nikafungua kitambaa nikakitupa mtoni. Nikachota mawese ya mama ya kupikia, nikayamwaga kwenye kidonda kama alivyosema Yakobo, nikalala juani kungoja muujiza. Waliokuja ni siafu. Nilipiga kelele mpaka kijiji cha pili.

Kesho yake mguu ulivimba kama mgomba. Baba akanipakia kwenye baiskeli, mjomba akasukuma kwa nyuma, na njia nzima walibishana, huyu na Hezekia wake, huyu na mama yake wa vazi, ila hakuna aliyeachia baiskeli. Dresa alisema siku mbili zaidi mguu ungekatwa. Nikadungwa sindano mpaka nikapoteza hesabu, na mjomba, aliyekataa dawa, aliomba nje ya mlango mpaka nikaruhusiwa.

Wakati wa kuvuna mpunga nilikuwa ninakimbia. Jumapili ile nilivaa gauni langu jema nikakaa mbele kabisa, nikingoja baba aniite jina. Baba alisimama, akatangaza zamu ya kufagia kanisa, akatangaza ndoa, akakaa. Nyumbani nikamwuliza kwa nini hakumshukuru Mungu kwa ajili yangu.

"Dresa tulishampelekea mkungu wa ndizi," alisema. "Akasema ndaga, ameshukuru. Yameisha."

Enzi zile watu walibishana Biblia mkononi, kisha wakala ugali mmoja. Leo wakitofautiana, kila mmoja anajenga kanisa lake na kipaza sauti chake, na vijana wanatoa ushuhuda hata wa mafua. Mafua! Nasi tulioponywa donda la kukatwa mguu tunawapigia makofi. Tupokigwe, mzee kama mimi, bado anaitwa mbele kila Pasaka, na bado anapandisha gauni, asione haya na ubibi wake.

Pasaka iliyopita sikuvumilia. Alipokwisha kukaa, nikanyoosha mkono juu nami nishuhudie kwamba Mungu aliniponya mimi pia, kwa sindano. Mchungaji wetu, kijana wa watu, akaniona, akawageukia akina mama.

"Mshikeni bibi," alisema, "anataka kwenda chooni."

Wakanishika, huku na huku. Nikaenda.