Mwanasesere wa Mateteni

Utotoni kwangu, kule Ujiji, nililelewa na bibi mzaa mama, na katika nyumba yetu mwanasesere alikuwa mmoja tu, yule wa kwenye hadithi za Bibi. Jina lake Kijego. Watu wakijinyoosha baada ya chakula cha mchana, Kijego huinuka mkekani, akalamba sukari, akafungulia kuku, akamimina chumvi kwenye uji wa mgonjwa, kisha akarudi kulala, uso mkavu. Wakapigwa watoto. Nilimpenda kuliko watu wengi wenye roho zao.

Basi fikiria furaha yangu nilipomkuta ufukweni.

Ilikuwa miaka ya vita ng'ambo ya ziwa. Watu walivuka kutoka Kongo kwa mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, na si yote iliyofika. Sisi watoto tuliambiwa hayo, tukasahau. Nilikwenda kuosha sufuria nikamwona amenasa kwenye matete: mwanasesere wa matambara, mwili wa kitenge cha njano chenye samaki wa buluu, jicho moja la kifungo. Nilimkamua maji, nikamfunga mgongoni kwa khanga, nikarudi nyumbani kwa maringo.

Bibi alipomwona alirudi nyuma.

"We mtoto, mrudishe ulikomtoa. Kilicholetwa na ziwa kina mwenyewe, na mwenyewe atakuja kukidai."

"Ni Kijego, Bibi."

"Ndiyo kabisa umrudishe!"

Kwetu hilo halikuwa neno la kutishia watoto tu. Hata wavuvi wakiokota kasia huliegemeza mahali pa wazi, wasilitie chomboni mwao. Mimi, mwenye kichwa kigumu, nilimficha nyuma ya mtungi.

Nyumba ikaanza kuharibika. Jagi lilianguka na hakuna aliyeligusa. Dagaa wa Bibi walipigwa na mvua iliyotoka kusikojulikana. Kuku aliyekuwa akiatamia aliyaacha mayai yake. Mwanzoni nilicheka, nikasema hiyo ni kazi ya Kijego. Kisha kicheko kikaniisha. Wenzangu wakilala mchana, mimi nilikaa macho nikimlinda, na naapa lile jicho lilikuwa likinitazama. Niliogopa kweli. Nikaamua kumrudisha ziwani kabla mwenyewe hajafika.

Nilikuwa naye mgongoni, ndiyo kwanza natoka uani, nilipomwona mwanamke akipanda njia ya ufukweni. Alikuwa amejifunga kitenge cha njano chenye samaki wa buluu.

Nilipiga ukelele uliomtoa Bibi jikoni mbio. Yule mwanamke hakunitazama usoni. Aliutazama mgongo wangu.

"Huyu ulimutoa wapi, mwanangu?"

Sauti ilikuwa ya mtu, tena mtu aliyechoka. Bibi, ambaye hakutaka hata kumkaribia Kijego, alinifungua khanga, akamshika kwa mikono yake miwili, akampa.

"Aliokotwa kwenye matete, mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. Alisema yeye alivuka kwa mtumbwi mmoja, binti yake kwa mwingine pamoja na shangazi. Alikuwa ameuliza bandarini, sasa alikuwa anaufuata ufukwe. Mwanasesere alimshona mwenyewe kwa kipande cha kitenge chake, na mtoto hakuwahi kumwacha, hata akilala. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Alikuwa peke yake?"

"Ndiyo," nikajibu haraka, nikitaka kumfurahisha. "Peke yake. Hakukuwa na mtu."

Bibi alifumba macho. Mwanamke alimpangusa Kijego mchanga usoni, akamfunga mgongoni mwake.

"Aksanti kwa kumubeba," akaniambia, akashuka tena kuelekea ziwani. Hatukumwona tena, wala hatukusikia kama binti alipatikana.

Bibi alikufa akiamini onyo lake lilitimia, nami sibishani naye, maana mwenyewe alikuja. Kwa miaka mingi nilijihesabu mtoto aliyeponea chupuchupu. Nilipozaa wa kwangu ndipo nikalisikia vizuri swali lile. Siku ile nzima nilidhani mwenye kuogopa ni mimi, kumbe aliyekuwa akitetemeka ni yule mama, ameinama mbele yangu, akisubiri nimjibu.