Chupa Iliyotikiswa

Kasonde alikuwa fundi wa laboratwari pale chuo kikuu, na miaka minne kazi yake ilikuwa kudunga sungura mafuta meupe. Cheka, lakini ndivyo. Profesa wake alitaka damu ya kutengeneza: mafuta yenye fluori, ambayo hubeba hewa, yachanganywe na maji yawe kama maziwa. Shida, mafuta yale ni mazito, tena yana majivuno. Sabuni ya kawaida hayaitaki. Yanataka sabuni yenye fluori, ya ukoo wao, ishike maji mkono mmoja na mafuta mkono mwingine. Ikiwamo, chupa hukaa mwaka. Isipokuwamo, baada ya wiki mafuta yamelala chini.

Mwaka 1984 sabuni ile iliisha, nyingine haikufika kutoka Ulaya. Kasonde akatumia ya viini vya mayai, isiyoshika sana.

Mwezi uleule mke wake, Agnès, akajifungua hospitalini kwetu. Mimi Alima, muuguzi, nilikuwa kwenye zamu. Mtoto alilia vizuri. Mama hakuacha kutoka damu. Damu ya aina yake hatukuwa nayo, ndugu waliopimwa hawakupatana naye. Dokta akamwambia Kasonde, "Leta mafuta yako, tujaribu."

Akaleta chupa moja iliyobaki, ya sabuni ile ya mayai. Akaiweka mezani bila kuitazama, akakimbilia kwa mkewe. Mafuta yalikuwa chini, maji juu. Nikafanya tunavyofanya dawa zote za chupa: nikatikisa. Ikawa nyeupe pee! Nikafurahi, jamani, nikamwonyesha mama mkwe wa Kasonde, mama mzazi wa Agnès.

Kasonde akarudi, akaichungulia kwenye mwanga. "Nani alitikisa?"

"Njo mie, citoyen," nikajibu, maana enzi zile tuliitana hivyo, raia. "Si iko muzuri?"

"Haiko muzuri. Matone yaliungana, yako makubwa. Yataziba mapafu. Basungura sita balikufa hivi."

Kwetu mama mkwe hamgusi mkwe wake. Siku ile alimshika miguu. "Baba, naomba. Iko nyeupe. Mutilie."

Kasonde akaimwaga yote kwenye sinki. Uso wake haukuwa na kitu. Nilimchukia, nasema wazi.

Agnès akafa saa kumi alasiri.

Kwenye kilio mama mkwe alimwambia kila aliyeingia: damu ilikuwako, nyeupe, safi, mume akaimwaga. Kasonde alikaa ameegemea ukuta. Mimi nilikuwa pale, nimeshika sahani ya bukari, ugali wetu. Ningesema neno moja tu, kwamba weupe ule niliufanya mimi, kwa kutikisa chupa iliyokwisha kuharibika. Sikusema. Mtoto walimpeleka Kasenga kwa ukoo wa mama, na baba yake hakuruhusiwa kumwona tena.