Sombe ya Kikapuni

Nimerudi Kindu, rafiki yangu, nikakuta jiko la mama halina moshi. Juu ya bati kuna plake ya jua, ile ya kutoa umeme, chini kuna jiko la udongo linalokula makala, yaani makaa, kidogo tu, na mama, aliyekuwa zamani akikohoa kwa moshi tangu alfajiri, siku hizi anapika huku anaimba. Kwenye kona nikaona kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba na matambara. Nikacheka peke yangu.

Kikapu kile nakijua. Wakati wa vita kuni zilikuwa porini, na porini kulikuwa na watu wenye bunduki. Wanawake wa mtaa wetu walikwenda kwa kundi, na si wote waliorudi. Bibi, mama yake mama, akasema basi, imetosha. Tulitwanga sombe, majani ya muhogo, akaichemsha kidogo kwa vijiti vya uani, kisha akakizika chungu kizima ndani ya kikapu na kukifunika kwa blanketi lake mwenyewe.

“Haiko kuni njo zinaivisha sombe,” akasema. “Joto njo linaivisha. Muiache humu mpaka saa ya kula, na muntu asifunue.”

Ikaiva! Majirani walisema bibi ana dawa. Mama akaacha kwenda porini, nami nikaanza kulala vizuri.

Lakini nilikuwa mlafi, sikatai. Siku moja harufu ya mawese ilinishinda, nikafunua nionje. Nikafunua tena. Joto likatoka lote, na adhuhuri sombe ilikuwa bado, na majani ya muhogo yasiyoiva ni sumu. Vijiti vya uani vilikuwa vimekwisha. Mama hakunigombeza. Alichukua panga na kamba, akaenda porini.

Nilikaa mlangoni nikilia, bibi kando yangu. Nadhani aliogopa kuliko mimi. Mama alipotokea na mzigo kichwani, nilimshika miguu hata akashindwa kutembea.

Moshi umekwenda zake, wala siulilii. Ninayemlilia ni bibi, ambaye hayupo tena. Sasa kuna mwalimu anayewafundisha kina mama wa mtaa kupika kwa kikapu ili kuokoa makala na msitu, na mama humsikiliza kwa adabu kana kwamba ni jambo geni kwake.

Jana nilikisogelea kikapu. Mama hakugeuka hata kidogo.

“Weye! Mikono nyuma!”

Nina watoto wanne. Niliirudisha nyuma mara moja, nikafurahi kwamba bado yupo wa kunikataza.